Sange wa Upande Safi

Aprili 3

Mvua ya kwanza ya masika imepiga leo alasiri, na Bi Swafiya, mwenye nyumba wangu hapa Bondeni, amenigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeiita. Kanga zake zilikuwa zimeanikwa juu, karibu na mlango wangu.

"Wewe wakaa juu, mato unayo, mvua yaja huioni?"

"Nilikuwa nasoma, Bi Swafiya."

"Wasoma panya!"

Ni kweli, nasoma panya. Panya wa mwitu, virukanjia, na zaidi ya wote sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba, ambaye akishtuka huipiga ardhi kwa mguu wa nyuma kuwaonya wenzake. Nafundisha elimu ya wanyama chuoni, pale karibu na Buxton. Tangu mwaka jana nimeshughulika na wanyama wadogo wanaoishi kuzunguka mgodi wa zamani wa Kwa Mwadzoya, huko bara kwa akina mama yangu. Walikuwa wakichimba risasi, ile metali nzito ya kutengenezea betri. Mgodi ulifungwa kabla sijazaliwa, lakini vilima vya mchanga wake mweusi vimebaki wazi vilevile, hata jani halikuwekwa juu yake. Sasa kuna kampuni inayotaka kuufungua tena. Mwezi wa Juni kutakuwa na kikao cha umma Tononoka kuamua kama waruhusiwe kuanza bila kuushughulikia uchafu wa zamani, ambao wao wanasema haumdhuru yeyote.

Nimeanza kuandika humu ili mvua zikiisha niwe najua nimepita wapi. Nitawashinda. Sioni haya kuliandika hilo.

Aprili 4

Leo nimempigia simu mjomba Gunga, kaka yake mama, nikiwa maabara pamoja na Dishon. Dishon ni mkemia, mtu wa kutoka bara ya magharibi, mpole mpaka anaudhi. Yeye ndiye mwenye mashine ya kupimia metali. Akisalimiana na mtu, chai yangu inapoa.

Upande wa mgodi nilitega mwenyewe Februari, nami najua nilichokiona. Sange wa pale unaweza kumwokota kwa mkono. Hakimbii, hapigi mguu, anakutazama tu huku pua inatetemeka. Panya ni wadogo kuliko wanavyopaswa kuwa, figo zao zimevimba. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sikufikiri ningemlilia sange, lakini mmoja nilimlilia. Alifia kiganjani mwangu nikimpima.

Sasa nahitaji wanyama wa upande safi ili nilinganishe. Mjomba hutega kwa ajili ya chungu, kama walivyofanya wazee wake. Tumekubaliana kwamba nyama ibaki kwake, na mimi aniletee figo, ini, tumbo na nywele. Hapo sihitaji kuua mnyama hata mmoja. Mahali nilikwisha kupachagua: kaya ya kwetu, ule msitu wa wazee wa zamani ambao haujaguswa na mtu. Kuna mahali gani safi zaidi?

Nikaweka simu kwa sauti ili Dishon asikie. "Shikamoo mjomba. Wale wanyama, nataka uwatege kayani."

Mjomba alinyamaza kidogo. Nikadhani mtandao umekatika.

"Hapo una nani, mwanangu?"

"Niko na Daktari Dishon, mwenzangu wa kazi."

"Msalimie sana mgeni wako. Haya, mwanangu. Nimesikia."

Dishon akasema mjomba wangu ni mtu wa heshima. Nikamwambia hayo ndiyo malezi ya kwetu.

Aprili 6

Mercy amefika. Ni binti wa mjomba Gunga, nami nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Ana mimba ya miezi saba na mumewe yuko Qatar, analinda maduka ya watu, kwa hiyo Mercy anaishi kwa baba yake shambani. Atajifungulia hapa mjini, kisha arobaini ikiisha arudi nyumbani. Amekuja na mihogo, nazi, na furushi la nyama kavu ya panya na sange iliyobanikwa kwa moshi. Anasema tangu apate mimba hicho ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni.

Nilimwuliza kama inatoka upande wa mgodi. Akacheka. "Dada, shamba letu liko ng'ambo ya kilima. Nani aende mpaka mgodini kufuata panya?" Nikatulia. Nikala kipande. Kitamu, na mifupa yake midogo huitafuna yote.

Aprili 9

Mvua kutwa. Wanafunzi watatu darasani, mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Aprili 14

Kasha la barafu la mjomba limefika kwa basi, limefungwa kamba utadhani ndani kuna simba. Kila kitu kimo, kimepangwa vizuri kwenye vifuko. Nimempa Dishon figo na nywele, matumbo nimeyaweka kwenye friza niyafungue baadaye. Sina haraka nayo.

Aprili 20

Pasaka. Mercy hakuweza kukaa kanisani mpaka mwisho. Kichwa kinamwuma, na vidole vyake anasema vina ganzi. Bi Swafiya amemtazama usoni, akamfunua kope la chini kwa kidole gumba.

"Huyu mwana hana damu. Wampa nini wewe?"

"Anakula chakula cha kwao."

"Chakula cha kwao hakimpandi damu. Jioni nitampikia maini."

Bibi huyu hujiingiza katika mambo ya watu kama maji ya mvua. Lakini maini aliyapika kweli, na Mercy aliyala.

Aprili 24

Stima imekatika kisiwani tangu jana kwa ajili ya dhoruba, na jenereta ya chuo imegoma. Saa nne asubuhi Dishon alinipigia kusema friza la maabara limeanza kutoa maji. Kazi yangu yote ya tangu mwaka jana ilikuwa mle ndani.

Nyumba moja tu ninayoijua yenye friza kubwa na jenereta ni hii ninayokaa. Bi Swafiya anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa mtaa mzima. Nilishuka ngazi huku nikijua nitafukuzwa.

"Panya," alisema. "Ndani ya friji yangu. Mimi Swafiya."

"Wamefungwa kwenye ndoo zenye vifuniko, Bi Swafiya. Hawatagusa kitu."

"Na watoto wala barafu humo!"

Nilimweleza yote kwa mara ya kwanza. Mgodi, mchanga mweusi, wale sange wasiokimbia, kikao cha Juni. Alinisikiliza hali ameshika mwiko mkononi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza.

"Na watu wa huko wala nini?"

"Wanakula wanyama haohao. Lakini si wa upande wa mgodi. Kwa mjomba wangu ni mbali, ng'ambo ya kilima."

Akafungua friza, akaanza kutoa barafu zake na kuwagawia watoto waliokuwa wamejikinga mvua barazani. Zote. Wengine wakachukua mbilimbili. "Nikimaliza na panya wako utaliosha mara saba, kwa mkono wako," alisema, "na barafu hutapata tena maisha yako." Dishon alifika na ndoo akiwa amelowa chapachapa, akaanza kumsalimia kwa kirefu. Bi Swafiya akamjibu kwa kirefu zaidi, mpaka nikawafokea wote wawili.

Aprili 25

Stima imerudi. Ndoo zimerudi maabara. Nimeosha friza. Mara saba.

Mei 2

Majibu yametoka na nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Wanyama wa kayani, wa upande safi, wana risasi katika figo na nywele karibu sawa na wale wa mgodini. Haiwezekani. Hakuna njia ya risasi kufika kwenye ule msitu. Na kama upande safi ni mchafu, basi sina cha kulinganisha. Kampuni itasimama Tononoka iseme nchi yote iko hivyo, ndivyo Mungu alivyoiumba, na mgodi ufunguliwe.

"Umechanganya vifuko," nilimwambia Dishon.

"Sijachanganya, Daktari."

"Basi mashine yako imechafuka."

"Niliisafisha kabla na baada."

"Basi ni nini? Malaika wameshuka na risasi?"

Aliifunika mashine kitambaa chake taratibu, akasema, "Nitapima tena yote kuanzia mwanzo." Upole wake ulinichoma zaidi. Nimetoka bila kuaga, nikatembea kutoka Buxton mpaka nyumbani kwenye mvua kwa ukaidi tu.

Mei 5

Amepima tena. Majibu ni yaleyale. Simsemeshi.

Mei 8

Leo nimefungua yale matumbo. Nia yangu ilikuwa mbovu, niiseme tu: nilitaka kupata kitu cha kumthibitishia Dishon kwamba alikosea.

Tumbo la kwanza la panya lilikuwa na mahindi. La pili mahindi na maganda ya kunde. La tatu, muhogo. Nilikaa nikiyatazama. Hakuna anayelima ndani ya kaya. Panya wa kayani hula mbegu za miti na matunda ya mwitu. Hawa walikuwa wameshiba shambani kwa mtu.

Nilimwendea Dishon, alikuwa akila chapati yake dirishani. "Hukuchanganya kitu," nikasema. "Nimekukosea na nimekutusi. Nisamehe." Akanipa nusu ya chapati, na kwa mara ya kwanza hakuzungusha maneno. Alisema, "Wanyama hawa wametoka wapi, basi?"

Jioni nilimwuliza Mercy kama baba yake hutegea kayani. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kayani? Dada Kache! Hata ukuni mkavu hautolewi kayani. Hata jiwe. Ungemwambia baba hivyo angezimia."

"Nilimwambia hivyo."

Kicheko kikakatika.

Mimi nimezaliwa Tononoka, nikasomea Tononoka. Kwa mjomba nilikwenda likizo za Desemba, nikala maembe, nikarudi. Naujua msitu ule kwa ramani na kwa majina ya kisayansi ya kila kiumbe kinachotambaa mle. Hili la ukuni mkavu hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza.

Mei 9

Nilimpigia mjomba asubuhi nikamwomba aje. Alifika baada ya adhuhuri, koti limelowa, kofia mkononi. Bi Swafiya alimkaribisha barazani kwa kahawa na haluwa, wakaulizana hali za watu wa mjini na wa bara. Nilisubiri. Nimeanza kujifunza kusubiri.

"Mjomba," nikasema walipomaliza, "wale wanyama hukuwatega kayani."

"La. Sikuwatega kayani."

"Mbona hukuniambia?"

Alikiweka kikombe chini. "Mwanangu, ulinipigia una mgeni kando, na sauti yangu yote aisikia. Ukaitaja kaya hivyo, kama mtu ataja soko. Ningesema nini mbele ya mgeni wako? Kwamba mtoto wa dada yangu, daktari mzima, hajui ya kwao? Ningekuaibisha, na ningemwaibisha mama yako. Nikasema haya. Nikajiambia, haja yake ni mahali safi. Nami nina mahali safi."

"Wapi?"

"Shambani kwangu. Nalima pale tangu ujana wangu."

Bi Swafiya aliacha kumimina kahawa. Ningeweza kuukasirikia ule ustaarabu wa mjomba, lakini hasira haikuja. Ilikuja hofu.

"Mjomba, ule mto wa msimu, ule unaopita chini ya mgodi, unaelekea wapi?"

"Wazunguka kilima. Masika hupita chini ya shamba langu."

"Na ukifurika?"

"Hupanda mpaka kwenye mihogo. Ukirudi huacha mchanga mweusi. Mzuri tu, mahindi huota."

Miaka yote hii nilikuwa nimetazama kilima nikaona ukuta. Maji hayakuona ukuta. Yalizunguka. Kila masika niliyoyafurahia hapa mjini kwa sababu matangi yamejaa, huko yalikuwa yakibeba vilima vya mgodi na kuvitandaza shambani kwa mjomba, kwenye mizizi, kwenye wadudu, ndani ya panya na sange, na kutoka hapo chunguni.

Niliinuka nikapanda ngazi. Mercy alikuwa jikoni, mkononi ana kipande cha nyama kavu. Nilimnyang'anya. Nikachukua furushi zima.

"Dada, unafanya nini? Hicho ndicho kinachokaa tumboni!"

"Ndicho kinachokuumiza kichwa."

"Tumekula tangu tukiwa watoto! Hata wewe umekula!"

"Najua, Mercy."

Alilia, nami nililia, tukiwa tumeshikilia lile furushi kila mtu upande wake kama wendawazimu. Mjomba alisimama mlangoni na kofia yake. Aliponisikia nikimweleza hakubisha hata neno. Aliuliza tu, "Na mtoto?" Nikasema kesho Mercy apimwe damu.

Mei 10

Mercy ametolewa damu hospitali. Mimi nilikuwa na mtihani wa kusimamia, kwa hiyo Bi Swafiya ndiye aliyempeleka. Alikaa naye foleni kuanzia asubuhi, na muuguzi alipouliza yeye ni nani wa mgonjwa, akajibu, "Mamake. Andika."

Mei 15

Mvua. Nilikuwa napenda sauti yake juu ya mabati. Sasa kila ikianza nafikiria ule mto.

Mei 19

Majibu ya Mercy: damu yake ina risasi, na ni nyingi. Daktari alieleza vizuri, bila vitisho. Sehemu kubwa ya risasi imejificha kwenye mifupa, na mimba huifukua mifupa kutafuta chokaa ya kumjenga mtoto, na risasi ikatoka nayo. Dawa kubwa ni kuacha kuongeza. Asile tena nyama ile, asinywe maji ya mto ule, ale maziwa, maini, mboga, dagaa. Watamfuatilia mpaka ajifungue na baada yake.

"Nikishajifungua narudi nyumbani," Mercy alimwambia.

"Nyumbani ni wapi?"

Alipomweleza, daktari alitikisa kichwa. Tulipofika mlangoni kwetu Mercy akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu hana kwao?"

Sasa najua ninapigania nini Tononoka. Zamani nilitaka kuwashinda. Sasa nataka Mercy awe na mahali pa kurudi.

Mei 27

Mjomba amefanya nililoshindwa hata kuliwaza. Amekwenda mwenyewe kwa wazee wa kaya, akawaeleza nilichokosea na kilichopatikana. Walikaa siku mbili kulizungumza. Wameruhusu hivi: mjomba peke yake, bila viatu, ukingoni mwa msitu. Asiue. Mnyama yeyote asitoke. Anyofoe nywele chache mgongoni, amwachie palepale aliponaswa. Mimi sikualikwa, wala sikuomba.

Nywele zinanitosha. Tunazo nywele za mgodini na nywele za shambani. Sasa zitakuja za kayani, za kweli.

Mjomba alisema kwenye simu, "Sange wa kayani nimemshika mmoja. Nilipomwachia alipiga mguu, pa-pa-pa, akanitukana, akaenda zake." Nilicheka kwa furaha hata Dishon akaja kuuliza kuna nini.

Juni 3

Nywele za kayani ni safi. Dishon amepima mara mbili kabla hata sijamwomba. Mgodini juu, shambani karibu juu vilevile, kayani karibu na sifuri. Alinionyesha mchoro, nikamkumbatia, naye hakujua aweke mikono yake wapi.

Juni 10

Mercy amejifungua leo alfajiri, msichana. Ni mdogo lakini sauti anayo. Mjomba amepanda basi. Bi Swafiya amepika uji wa pilipili manga sufuria mbili.

Juni 17

Bi Swafiya anasema kwao mtoto hunyolewa siku ya saba, na kwa kuwa huyu amezaliwa mikononi mwake atanyolewa, awe Mkristo asiwe Mkristo. Mercy alimkubalia. Mjomba akasema kichwa kikiwa safi si vibaya. Bibi alimnyoa kwa wembe mpya. Kisha akazikusanya zile nywele laini, akazikunja kwenye karatasi, akanikabidhi mimi.

"Wazijua kuzisoma," alisema. "Zisome."

Nilimtazama Mercy. Akaitikia kwa kichwa.

Juni 18

Kikao.

Ukumbi wa Tononoka ulijaa, na nje mvua ya mwisho mwisho ilikuwa inanyunyiza. Mtaalamu wa kampuni alikuwa mtu nadhifu, amejiandaa. Alianza na mimi moja kwa moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti, katika ripoti yake mwenyewe, Daktari Kache anakiri kwamba wanyama wake wa kulinganisha hawakutoka mahali alipodhania. Utafiti wa namna hii tuuamini vipi?"

Nilijua atasema hivyo, kwa sababu nililiandika mimi mwenyewe ukurasa wa kwanza. Nilisimama.

"Ni kweli. Nilidhani nina wanyama wa kayani, kumbe nina wanyama wa shambani kwa mjomba wangu. Niliomba kitu kisichoombwa, na yeye kwa heshima hakuniambia. Kama nisingekosea, nisingepima shamba lile hata siku moja, kwa maana kwenye ramani yangu lilikuwa safi. Kwenye ramani yenu pia ni safi. Lakini kila masika mchanga wa mgodi unafika pale. Nimeleta vipimo vya wanyama wa mgodini, wa shambani, na wa kayani kwa ruhusa ya wenyewe. Mheshimiwa, hesabu hizi hapa. Nani kati yetu yuko tayari kula cha pale?"

"Panya ni panya," yule bwana akasema. "Wapo. Wanaishi."

Hapo mjomba Gunga akainuka kutoka safu ya nyuma. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, lakini mwenyekiti alimwachia.

"Nimewala tangu nina meno," alisema. "Wakati wa mvua, jike humpasui ukakosa vitoto tumboni. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka hii napasua, tumbo tupu. Napasua mwingine, tupu. Nikadhani ni bahati yangu mbaya. Wapo, ndiyo. Lakini hawazai. Na mimi niliwapeleka nyumbani, nikampa binti yangu ale."

Akaketi. Bi Swafiya, ambaye sijui alifika saa ngapi, alimshikia kofia yake.

Mwenyekiti na wenzake wamekaa faragha, wamerudi saa kumi. Mgodi usifunguliwe mpaka vilima vya zamani vifunikwe na mto usafishwe, kwa gharama ya mwombaji. Watu wote wanaoishi kando ya mto wapimwe damu. Watu walipiga makofi. Dishon alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, nami nikaitikia ingawa maneno siyajui.

Juni 29

Jua kali, anga jeupe. Masika yamekwisha.

Nywele za mtoto zina risasi. Ni kidogo, chini sana kuliko nilivyoogopa, na daktari anasema akikua mbali nayo anaweza asijue hata kama iliwahi kumgusa. Nilimwambia Mercy maneno hayohayo. Alishukuru. Kisha akaenda kufunga mkoba wake. Hata arobaini haijaisha.

"Kikao tumeshinda," alisema. "Nakwenda nyumbani. Baba yuko peke yake na mahindi yamekomaa."

"Wameamuru, Mercy. Hawajafunika."

"Watafunika lini?"

Uongo sikutaka kumwambia. Nikampigia mjomba, nikaweka simu kwa sauti, safari hii nikimwambia kwanza nani yuko kando.

"Mwambie mwanangu asije," alisema. "Nyama ile sitii tena mdomoni, hata mahindi haya sijayagusa. Lakini mitego naiweka kila wiki. Namshika jike, nampapasa tumbo, namwachia. Siku nikimkuta na mimba nitapiga simu. Akizaa panya wa shambani kwangu, na binti yangu atarudi."

"Na sasa, baba?" Mercy akauliza. "Umeshika?"

"Jana. Mmoja."

"Je?"

Mara hii mjomba hakuficha kitu, si kama ile siku ya Aprili.

"Tupu," alisema.

Mercy alikaa kitandani, mtoto amelala begani. Halafu akauvuta mkoba kwa mguu, akaufungua, akaanza kuzitoa nguo za mtoto moja moja. Bi Swafiya alikuwa ameshasimama chini ya ngazi, anauliza kwa nini kamba yake ya kuanikia iko tupu na jua lote hili.